Bibi yangu anamlilia Papa Fransisko, mimi ni Mwislamu. Naombeni ushauri

Mjukuu wa Rombo
Assalamu alaykum Waislamu wenzangu, na heshima kwa wakuu wote.

Baba yangu ni Mpare wa Ugweno, Mwislamu. Mama alizaliwa Mkatoliki huko Rombo, akasilimu alipoolewa. Alitangulia mbele ya haki nikiwa darasa la pili, na aliyenilea ni bibi mzaa mama. Hakuwahi kuigusa dini yangu. Ramadhani alikuwa anaamka kabla yangu kunipashia daku, na sufuria yangu ilikaa peke yake, haikupikiwa kitimoto hata siku moja.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21, alinipigia simu mchana. Redio inasikika nyuma, yeye sauti imekatika. "Mjukuu wangu, Baba Mtakatifu ametuacha." Nikajibu palepale, "Pole bibi, Mungu amrehemu." Jioni nikaweka picha ya Papa kwenye stetasi ya WhatsApp na maneno hayohayo. Kaka yangu mkubwa akapiga: futa, umemwombea rehema asiyekuwa Mwislamu, tubu. Nimefuta, ila moyo haujatulia.

Jumamosi tarehe 26 ni Muungano, sina kazi, na ndiyo siku ya mazishi Roma. Bibi ana miaka 84, magoti yanamsumbua, na masika haya njia ya parokiani ni tope tupu. Anataka nimpeleke misa, halafu tukae wote tuangalie mazishi kwenye runinga. Nimpeleke? Nikifika niingie ndani? Na pole ninampaje bila kuvuka mpaka wa dini yangu?

Abuu Nasri
Wa alaykum salaam. Kaka yako kakuambia haki, usimkasirikie. Soma sura ya Tawba aya ya 113. Imamu Nawawi ameeleza kuwa kumwombea maghfira, yaani msamaha wa Mungu, marehemu asiyekuwa Mwislamu ni haramu kwa Qurani na kwa ijmai, makubaliano ya wanazuoni. Papa ndiye aliyekuwa mkuu wa mafundisho ya Utatu duniani, kwa hiyo hapa hakuna cha kupindisha. Misa ni ibada, waachie wenyewe. Bibi mtafutie mtu wa kumpeleka.

Pwani Moja
Mimi naona tusikaze sana. Mtume (S.A.W.) alimswalia Najashi, na Najashi alikuwa mfalme wa Wakristo wa Uhabeshi.

Mwalimu wa Ngamiani
Pwani Moja, Najashi alikuwa ameshasilimu, ndiyo maana akaswaliwa. Usiitumie hiyo. Iliyo karibu na suala letu ni hadithi ya Bukhari na Muslim: lilipita jeneza la Myahudi, Mtume akasimama. Akaambiwa huyo ni Myahudi. Akasema, "Je, si nafsi?"

Sasa Abuu Nasri, ulichosema ni sahihi lakini umeishia nusu njia. Kuomba maghfira ni jambo moja, taazia, yaani kumpa pole mfiwa, ni jambo jingine. Nawawi huyohuyo, kwenye Minhaj, kitabu chake cha fikihi tunachokisoma madrasa za pwani, amepanga maneno ya kumpa pole Mwislamu aliyefiwa na asiyekuwa Mwislamu, na maneno ya kumpa asiyekuwa Mwislamu aliyefiwa na Mwislamu. Huyo alikuwa mtu wa Sham, upande wa Syria, karne ya 7 ya Hijria, na nyumba zenye dini mbili alizijua. Tena Shaabi, mwanazuoni wa kizazi kilichofuata maswahaba, amepokea kuwa mama yake Harith bin Abi Rabia alikufa akiwa Mnasara, yaani Mkristo, na maswahaba walilisindikiza jeneza lake.

Kijana, mwambie bibi: Mungu akupe subira, Mungu akupe nguvu. Dua hiyo ni ya bibi aliye hai, na hapo huna tatizo. Mpeleke mpaka mlangoni. Ndani kwenye ibada usiingie, kaa nje umsubiri.

Ummu Swabra
Naomba niseme kuhusu marehemu mwenyewe, maana tunamjadili kama hakuwa na alichofanya.

Novemba 2015, akitoka Nairobi na Kampala, alikwenda Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Waislamu wa mtaa wa PK5 wakati ule walikuwa kama wamefungiwa, wanamgambo wa anti-Balaka, wengi wao Wakristo, wamewazunguka, ukitoka nje ya mtaa huna uhakika wa kurudi. Walinzi wake walikuwa na kila sababu ya kumzuia. Tarehe 30 akaingia PK5, akaenda msikiti wa Koudoukou, akavua viatu, akasema Wakristo na Waislamu ni ndugu. Nina jamaa zangu wafanyabiashara waliokuwa nchi ile, najua maana ya mtu mkubwa kuingia pale wakati ule.

Aprili 2016 alikwenda kisiwa cha Lesbos, akarudi Roma na wakimbizi 12 wa Syria kwenye ndege yake, wote Waislamu. Na Gaza alikuwa akiipigia simu parokia ya Wakatoliki ya kule karibu kila jioni tangu vita vianze, hata akiwa amelazwa. Siku ya Pasaka, kesho yake akafa, ujumbe wake uliosomwa uwanjani Vatikani ulitaka vita visimame. Watoto wa Gaza ni wetu. Mtu aliyewalilia hadi siku yake ya mwisho siwezi kumpita kimya.

Abuu Nasri
Simnyimi haki yake, dada. Sura ya Maida aya ya 8 inatuamuru uadilifu. Hati aliyotia saini Abu Dhabi mwaka 2019 na Sheikh Mkuu wa Al-Azhar ya Misri ina sentensi kuhusu dini nyingi kuwa matakwa ya Mungu, nami siikubali, na hata Wakatoliki wengine waliilalamikia. Lakini la Gaza na la Bangui ni kweli tupu. Na kwa bibi, naondoa neno langu la kumtafutia mtu. Mpeleke mwenyewe.

Mlei wa Kibosho
Mimi Mkatoliki. Mdogo wangu, hakuna atakayekulazimisha kupiga magoti. Papa tutamwombea sisi. Bibi anachohitaji ni mkono wa kushika kwenye ngazi, na kwa Wachaga bibi kushikwa na mjukuu wake mbele za watu si jambo dogo.

Mjukuu wa Rombo
Mrejesho. Tumekwenda kwa bajaji, tope likatushinda mita kama mia, nikambeba mgongoni. Nilimfikisha mlangoni, nikakaa kwenye benchi chini ya mparachichi na dereva. Kaka nimemweleza yote, kasema nimsalimie bibi.

Saa tano tukakaa mbele ya runinga, rozari mkononi mwake. Jeneza lilikuwa limewekwa chini. Nikamwambia nimesoma kuwa aliusia azikwe ardhini, kaburi liandikwe jina lake tu. Akaniuliza sisi tunazikaje. Nikamweleza sanda, mwanandani, udongo. Akanyamaza muda mrefu, kidole kikiwa kwenye punje moja. Kisha akatazama saa ya ukutani.

"Adhuhuri imeingia, hujaswali. Maji ya uvuguvugu yapo kwenye ndoo ya bluu, nyuma ya jiko."