Betri za 18650 za sigara ya kielektroniki, nimeshapoteza hela, naombeni ushauri

Chalii_Ngarenaro
Wakuu habari za jioni. Sigara za kawaida niliacha mwaka jana, saivi natumia ya kielektroniki, kifaa changu kinaingia betri mbili za 18650 na huwa nakiweka wati 80. Zile zilizokuja na kifaa zimekufa, nikapita kwenye vibanda vya vifaa vya simu hapa Arusha mjini nikauziwa mbili nyekundu zimeandikwa 9900mAh, yaani kiasi cha chaji zinachobeba, jamaa ananiapia kabisa kwamba nitakaa siku mbili bila kuchaji. Nusu saa tu zikakata, alafu zinachemka mpaka kifaa hakishikiki. Sasa kuna fundi wa laptop anasema atanitolea selo (vile vibetri vya ndani) kwenye betri kuukuu ya laptop kwa bei ya kutupa, eti ni 18650 zilezile. Nichukue hizo au nitafute zenye mAh kubwa zaidi? Nina mtoto mdogo ndani, nawaza usiku zikiwa kwenye chaja.

Fundi_Mbuyuni
Kaka hizo nyekundu zitoe leo hii, usingoje kesho. 18650 ni saizi tu, unene milimita 18 urefu 65, haikwambii ndani kuna nini. Na kwa saizi hiyo, za kampuni zinazoeleweka nyingi zinaishia kwenye 3500mAh hivi, kwahiyo hiyo 9900 ni ya kuchapa tu kwenye nailoni ya nje.

Wewe angalia ampea kwanza, yaani umeme ambao betri inaweza kutoa kwa mara moja bila kuzidiwa, mAh baadaye. Piga hesabu hivi: wati 80 kwa betri mbili, kila moja inabeba wati 40. Betri ikikaribia kuisha volti zinashuka mpaka 3.2 hivi, 40 gawa kwa 3.2 unapata ampea 12.5, ongeza na kinachopotea kwenye kifaa chenyewe uko kama 14. Selo nyingi za laptop zimetengenezwa kutoa umeme pole pole, ampea 5 hivi kwenda chini, sasa wewe unaibebesha karibu mara tatu. Kwenye redio au taa ya kusomea mimi mwenyewe nazitumia hizo za laptop na sina shida nazo, ila kwa kitu unachoweka mdomoni hapana kaka.

Tafuta Samsung 25R, hiyo ni 2500mAh ampea 20, au LG HG2 ambayo ni 3000mAh na ampea 20. Samsung 30Q nayo ni nzuri ila ni ampea 15, kwa wati 80 unakuwa umegusa mwisho wake, labda ushushe mpaka 60.

Broka_wa_mawe
Naongezea hapo kwa fundi, hata hizo Samsung na LG kuna watu wanavalisha betri mbovu nailoni mpya, jina ni lilelile ndani ni takataka. Mimi nashinda kwenye madini, mzani mdogo nauo mfukoni kila siku. Betri nzima inacheza gramu 43 mpaka 48. Kuna moja niliwahi kuuziwa, nikaiweka pale pale kwenye mzani, karati 140, yaani gramu 28. Nikamrudishia mwenyewe. Ukikuta madalali wa mawe mjini omba tu wakupimie, ni dakika moja.

Dada_Rau
Mdogo wangu tafadhali na ya akiba usiitie mfukoni na funguo. Kaka yangu alikuwa kwenye daladala anaenda Boma Ng'ombe, betri moja iko mfukoni na funguo na sarafu, ikapiga shoti. Jinzi ilitoboka na paja liliungua vibaya, kovu analo mpaka leo. Betri hizi mwili wote ni hasi, kasoro kile kichwa tu, kwahiyo nailoni ikichanika hata kidogo funguo inaunganisha. Nunua kile kiboksi cha plastiki. Na kuchaji, chaji mchana ukiwepo, iwe juu ya sakafu ya sementi, sio kitandani.

Chalii_Ngarenaro
Asanteni sana, nimetoka kupima sasa hivi. Moja gramu 31 nyingine 29, hata zenyewe kwa zenyewe haziko sawa!! Na ile ya 29 nailoni imechanika karibu na kichwa, sikuwahi kuona. Nimeagiza 25R mbili kwa jamaa anayetoka Dar, nimemwambia nazipima kwanza ndo nalipa. Hizi nyekundu nizichome na taka?

Fundi_Mbuyuni
Usichome kabisa!!! Kwenye moto zinalipuka, na uani kwetu watoto ndo wanazunguka moto wa taka. Funga tepu ya umeme kichwani na chini, weka kwenye kopo lenye mchanga mkavu nje ya nyumba, ukishuka Moshi niletee. Hizo mpya ziandike 1 na 2 kwa maka peni, zikae pamoja siku zote, kuingia kwenye kifaa pamoja na kuchajiwa pamoja, usije ukachanganya mpya na ya zamani.