Maombi ya kusajili kiuatilifu yakiwa na upungufu: tuwasilishe au tusubiri?

Mkulima wa Urambo
Ndugu zangu, habari za kazi. Kikundi chetu hapa Urambo kinatengeneza dawa ya vidukari wa tumbaku kwa mbegu za mwarobaini, nasi tunataka kuisajili ili iuzwe madukani. Lebo, maelezo ya utengenezaji na cheti cha uchambuzi wa maabara vipo, ila ripoti ya majaribio ya shambani haijakamilika. Mwenzetu anashauri tupeleke hivyo hivyo ili tushike foleni. Je, wasimamizi wa viuatilifu hulichukuliaje jalada lenye pengo?

Mzee wa Makaratasi, Tabora Mjini
Kijana wangu, foleni ya namna hiyo haishikiki. Kwa kawaida jalada hukaguliwa kwanza kama limetimia, na hapo hakuna anayeuliza iwapo dawa inaua wadudu. Katika Umoja wa Ulaya, chini ya Kanuni Na. 1107 ya 2009, nchi inayopokea ombi la kiambato amilifu kipya, yaani kile kinachoifanya dawa ifanye kazi, ina siku 45 za ukaguzi huo. Pengo likionekana, mwombaji hupewa muda usiozidi miezi 3, na akishindwa ombi halipokelewi. Marekani mwombaji aliyejulishwa upungufu hupewa siku 75, na akiona hazimtoshi anaruhusiwa kutaja, ndani ya siku hizo hizo, tarehe atakayokamilisha. Akikaa kimya, ombi huhesabika kuwa ameliondoa mwenyewe, na akirudi anaanza upya. Kwa maoni yangu wengi huponzwa na ukimya kuliko upungufu wenyewe.

Niliwahi kuandaa nyaraka za mwagizaji mmoja, jalada likarudi kwa sababu namba ya bechi kwenye cheti ilipishana tarakimu moja na ile ya chupa ya sampuli. Nilikasirika sana wakati ule, lakini msomaji wa jalada angejuaje kwamba kilichopimwa ndicho kilichomo chupani?

Kwa hapa kwetu, Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya 2020 ndiyo iliyounda TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao Ngaramtoni, Arusha. Waombeni orodha ya nyaraka mapema, na muulize majaribio yasimamiwe na nani, msije mkalima msimu mzima kwa ripoti isiyokubalika.

Mfuga Nyuki wa Sikonge
Naongeza jambo moja, maana mizinga yetu haiko mbali na mashamba yenu. Msiruke sehemu ya jalada inayohusu madhara kwa nyuki kwa hoja kwamba mwarobaini ni mti tu. Azadiraktini, kemikali iliyomo kwenye mbegu za mwarobaini, huvuruga ukuaji wa wadudu wachanga, kiwango chake hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na huharibika kwa jua na joto, kwa hiyo mtaulizwa pia dawa inakaa ghalani muda gani.

Mkulima wa Urambo
Shikamoo mzee, na ahsante, dada wa Sikonge. Ripoti tutaisubiri. Nimekwenda kutazama chupa yetu: lebo inasema bechi ya 3, cheti kinasema bechi ya 2.