Naomba ushauri: mikanda ya Super 8 ya marehemu baba imeanza kunuka siki

Wakuu, habari zenu. Nipo Kirumba, Mwanza. Marehemu baba aliacha kamera ya Super 8 (kamera ndogo ya sinema inayotumia filamu ya milimita 8) na mikanda tisa kwenye kopo la biskuti. Juzi nimelifungua, harufu ya siki ikanipiga usoni. Mkanda mmoja umejikunja kama ganda la muhogo lililoachwa juani. Nikauinua kwenye mwanga wa dirisha: wanawake wameinama mwaloni wanaanika dagaa, nyuma yao mitumbwi ya tanga. Wa tatu kutoka kushoto ni mama. Sina picha nyingine yake akiwa msichana.

Najua hiyo siki ni asetati, plastiki ya mkanda wenyewe, inayooza. Joto na unyevu wa huku ziwani vinaichochea, na mvuke wake huharibu hata mikanda ya jirani. Nimeshautenga. Je, niiweke yote kwenye friji kwanza, au niwahi kuiskani? Fundi mmoja alitaka kuipitisha kwenye projekta nikakataa, maana mkanda uliosinyaa matundu yake yatachanika.

La pili. Kamera bado inazunguka, na Kodak bado wanatengeneza mikanda yake. Mmoja ni mita 15, kama dakika mbili na nusu ukipiga picha 24 kwa sekunde. Nataka kuupiga mwalo ule ule, kwa kamera ile ile. Simu ninayo, ila sitafuti picha ya simu. Aliyewahi kusafisha mwenyewe mkanda wa nyeusi na nyeupe ili picha zitokee, dawa alipata wapi? Na mnaosafiri na mikanda mibichi (ambayo haijasafishwa) kwa ndege, mnafanyaje isipitishwe kwenye eksirei?