Naomba ushauri: Hong Kong hadi Guangzhou kwa basi, nikiwa na mama mwenye maumivu ya magoti

Binti wa Chumbageni:
Heshima kwenu wana jukwaa, na shikamooni wakubwa. Mwezi Novemba, Mungu akijalia, nitasafiri na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 66, kwenda Guangzhou, ambako mdogo wangu anasoma. Tiketi zetu zinatufikisha Hong Kong saa saba mchana, na kutoka hapo nimekusudia tuingie China bara kwa basi, kwa kuwa mama ana hamu ya kuiona nchi njiani badala ya kuipita juu ya mawingu. Wasiwasi wangu ni magoti yake, maana hawezi kusimama muda mrefu wala kupanda ngazi nyingi. Tutakaa siku tano, na hatuendi kufunga mzigo wa biashara. Mama ni fundi cherehani, na kwa miaka zaidi ya thelathini amekata vitambaa vilivyotoka mji huo bila kuuona. Je, basi litamfaa? Na tukifika, tumpeleke wapi?

Mzee wa Mzigo:
Marahaba binti yangu. Basi linafaa, na yapo yanayoondokea palepale uwanja wa ndege wa Hong Kong, lakini ujue mapema kwamba mpakani kila abiria hushuka na mizigo yake yote, akapita uhamiaji kwa miguu. Hapo ndipo magoti ya mama yatakapojaribiwa. Kwa hiyo, kabla ya kulipa nauli, uliza basi linapita mpaka gani. Likipita Ghuba ya Shenzhen, ukaguzi wa pande zote mbili umo ndani ya jengo moja, hivyo mtashuka mara moja tu, na kabla ya hapo mtavuka daraja refu juu ya bahari ambalo mama atalifurahia. Likipita Huanggang, mtashuka upande wa Hong Kong, mtapanda tena, kisha mtashuka upande wa pili. Chukueni begi moja moja lenye magurudumu, si zaidi.

Mtabandikwa kikaratasi cha rangi kifuani ili wahudumu wawatambue. Msikibandue. Safari yangu ya kwanza nilikipoteza, nikahangaika karibu nusu saa kati ya mabasi yanayofanana, nikiwa sijui neno hata moja la Kichina.

Jambo la viza ya China bara: ya kuingia mara moja inawatosha, mradi msitoke kwenda kutembea Macau au Hong Kong katikati ya safari. Mkitoka, viza imekwisha kazi, na hamtarudi Guangzhou.

Msomi wa Mvita:
Kwa heshima ya mzee, mimi ningempandisha mama treni ya mwendo kasi katika stesheni ya West Kowloon. Ukaguzi wa pande zote mbili hufanyika humo stesheni, na safari huchukua takriban saa moja.

Binti wa Chumbageni:
Ahsante sana, kaka. Nimeangalia ramani, nikaona kwamba kutoka uwanja wa ndege itatubidi kwanza tufike West Kowloon, kisha treni nyingi zinaishia Guangzhou Kusini, mbali na katikati ya mji, na hapo tutafute usafiri mwingine. Nahofia kwamba kupakia na kupakua mara tatu kutamchosha mama kuliko foleni ya mpakani.

Mama Wawili:
Dada, nimeishi Guangzhou miaka minne, na kwa hali hiyo nakubaliana nawe kuhusu basi. Epukeni siku za mwanzo za Novemba, kwa sababu maonyesho makubwa ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou), yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, huwa hayajamalizika, na bei za vyumba hupanda mno. Mkikaa hotelini, hoteli itawaandikisha polisi. Mkilala kwa mdogo wako, nendeni wenyewe kituoni ndani ya saa 24. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay, programu ya malipo ya simu, ukiwa bado nyumbani, maana hata muuza machungwa hulipwa kwa simu.

Sasa nije kwa mama, maana habari yake imenigusa. Mpeleke soko la vitambaa la Zhongda, wilaya ya Haizhu; mshuke kituo cha Lujiang, metro (treni ya mjini) njia namba 8. Ni mtaa mzima wa vitambaa, vifungo, zipu na lesi, na maduka mengi hutundika vipande vya sampuli ambavyo mtu anaweza kuvishika na kuvipima kwa vidole. Msijaribu kulimaliza, chagueni jengo moja, mwende asubuhi akiwa na nguvu, na mbebe kigoda cha kukunja. Siku nyingine aende Jumba la Ukoo wa Chen, metro namba 1, lililokamilika mwaka 1894. Humo mna makumbusho ya sanaa za jadi, na tarizi za hariri za Guangdong zitamfanya asimame hata kama magoti yanakataa. Jioni mkapumzike kisiwa cha Shamian, ambacho ni tambarare, kina miti mikubwa na mabenchi. Hifadhi ya Yuexiu, yenye sanamu ya mbuzi watano, iacheni, kwa kuwa ni vilima na ngazi.

Kama ni Waislamu, msikiti wa Huaisheng upo katikati ya mji, na chakula halali hutambulika kwa neno qingzhen juu ya mlango.

Binti wa Chumbageni:
Mungu awalipe. Nimemsomea mama habari ya Lujiang, akaniuliza kama wauzaji watakubali kumkatia mita mbili tatu.

Mama Wawili:
Wengi huuza kwa jora, ila wapo wanaokata. Mwambie aje na kipande cha kitambaa anachokitaka, akiweke mezani. Wataelewana kwa mikono.