Nimeambiwa "asilimia tatu imeshajaa". Naombeni ushauri

Wakuu, poleni na majukumu. Natanguliza shukrani kwa mtakaosoma hadi mwisho.

Mimi ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni moja hapa Dar, mwaka wa tano huu. Natembea kwa magongo tangu utotoni, polio. Ilitangazwa nafasi ya mhasibu mwandamizi, nikaomba. CPA, ile mitihani ya juu ya uhasibu, nilimaliza 2023, na hesabu za kufunga mwezi nazifanya mimi.

Usaili ukapangwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu wiki nzima. Niliandika barua pepe kuomba tufanyie chini, hata pale mapokezi. Kimya. Nikapanda. Ngazi ni 54, nazijua kwa sababu kila baada ya kumi nilisimama kupumua. Nafika juu blauzi imelowa, viganja vinateleza kwenye magongo, na mbele yangu watu wanne wanaangalia saa.

Nafasi kapewa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, CPA bado anaisotea. Sina ugomvi naye. Nilipomuuliza afisa utumishi nimepungukiwa nini, akanitajia ile sehemu ya wafanyakazi ambayo sheria inataka wawe wenye ulemavu: "Dada, sisi asilimia tatu yetu imeshajaa. Tukikupandisha na cheo, watu watasema tunakubeba."

Mume wangu anasema ninyamaze, watoto wanasoma. Leo ni siku ya 41 tangu majibu yatoke. Nifanyeje?

Mzee wa Utumishi
Pole sana mwanangu. Nimefanya kazi za utumishi miaka 22, na nasema wazi kwamba hizi asilimia sizipendi. Mtu anaingia na uwezo wake kamili, lakini tangu siku ya kwanza wenzake wanamwona kaletwa na sheria. Ningekuwa na mamlaka, fomu zote za maombi zingesomwa bila jina wala picha, ashinde anayeiweza kazi. Ila aliyekujibu hivyo kakosea vibaya. Asilimia tatu ni ya kuajiri, haina uhusiano wowote na kupanda cheo.

Binti Songoro
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo kwenye fomu isiyo na picha napingana na wewe. Mimi nina ualbino. Nimeitwa kwenye usaili mara sita kwa vyeti vyangu tu, na mara zote sita nimeona nyuso zikibadilika nilipoingia mlangoni. Karatasi itanificha hadi lini? Sheria ya 1982 ilidai asilimia mbili kwa waajiri wenye watu kuanzia 50. Ya 2010 ikaja na asilimia tatu kwa wenye watu kuanzia 20. Miaka zaidi ya 40 tumo kwenye sheria, ofisini hatumo. Hiyo kazi niliyo nayo leo niliipata kwa mwajiri aliyekuwa anatimiza hiyo asilimia, na nimeifanya vizuri.

Mpambanaji wa Mbagala
Dada mwachie Mungu. Kazi zenyewe za kutafuta kwa tochi.

Wakili wa Wanyonge
Mpambanaji, akimwachia Mungu hadi mwezi ujao atakuwa kapoteza haki yake, kwa hiyo tuwe makini na ushauri.

Dada, soma kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kinakataza ubaguzi kwenye sera na taratibu zote za ajira, kupandishwa cheo kukiwemo, na ulemavu umetajwa kwa jina. Kifungu hichohicho kinasema hatua za kuwainua walioachwa nyuma si ubaguzi, kwa hiyo hilo la "kukubeba" halina mguu wa kusimamia. Jambo kubwa kuliko yote kwako ni hili: ukishaonyesha ushahidi wa awali, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakukubagua.

Muda. Mgogoro usio wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60. Umebakiwa na 19. Ukichelewa utaanza kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu, na hofu ya mume haitakusaidia sana hapo. Jaza fomu CMA F1, mpe mwajiri nakala asaini kuipokea, ndipo uifungue Tume. Utaanza na usuluhishi. Wakikufukuza kwa sababu umedai haki, hiyo si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Afisa alikujibu kwa maandishi au kwa mdomo?

Mleta mada
Kwa mdomo, lakini mwenzangu wa masjala alikuwepo. Barua pepe yangu ya kuomba chumba cha chini ninayo, ina tarehe na saa.

Na nimekaa nikahesabu. Tuko 260. Wenye ulemavu ninaowajua ni wanne.

Mzee wa Utumishi
Asilimia tatu ya 260 ni karibu wanane. Hawajajaza hata hizo wanazozitaja. Muulize huyo wa masjala kama yuko tayari kuandika alichosikia, lakini usimlazimishe, naye ana familia.

Mleta mada
Ahsante baba. Nimeongea na mume wangu usiku huu, amesema atanisindikiza. Naomba kuuliza jambo moja tu kwa anayejua: ofisi za CMA ziko ghorofa ya ngapi?

Wakili wa Wanyonge
Kesho nitapita mwenyewe niangalie na njia ya kuingilia, nikuandikie kabla ya saa nne.