Mjumbe wa baraza la chuo akiomba kazi chuoni: akataliwe, aruhusiwe, au asubiri?

MwanaKadutu
Jambo wandugu. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, chuo kimoja cha binafsi (sikitaji) kinatafuta katibu mkuu wa utawala, na mjumbe wa baraza linalokisimamia amepeleka dosye ya kuomba kazi hiyo. Naona njia tatu: akataliwe moja kwa moja, akubaliwe ila atoke kikaoni wakati wa kura, au ajiuzulu, akae mwaka mzima, ndipo aombe. Mimi naegemea ya tatu. Nyinyi je?

Asistani_Bagira
Ya pili haifai kabisa, kaka. Kutoka kikaoni kwa muda mfupi hakuondoi urafiki wa miaka. Wanaobaki ndani ndio aliopanga nao bajeti, na wanajua kesho watakaa naye tena. Isitoshe, alijua nafasi itafunguliwa kabla ya tangazo kubandikwa. Anajua mshahara, anajua baraza linamtaka mtu wa namna gani. Sisi maasistani, walimu wasaidizi wa chuo, tunangoja miaka, wengine wanaishi kwa primi (posho) inayotoka kwenye minervali (karo) za wanafunzi. Tukisikia mjumbe ameomba, dosye zetu zinabaki nyumbani. Halafu baraza linasema halikupata mwingine! Hapo ndipo chuo kinapopoteza watu.

Mama Nguba
Kwa kazi za ofisi nakuunga mkono, mwanangu. Lakini tukifunga milango yote tutaumia. Wenye doktora ni wachache. Profesa yuleyule yuko hapa wiki hii, wiki ijayo yuko Goma au Uvira. Vyuo vingi vya binafsi ni vya makanisa, na kanisa likitafuta watu wa baraza linawachukua hao hao waliosoma. Sasa mtu akubali kutumikia baraza, kisha anyimwe hata kozi moja ya kufundisha? Tuulize nani anaajiri. Kozi inagawiwa na fakulti, na walimu wenzake wanaujua uwezo wake. Katibu mkuu anachaguliwa na baraza lenyewe. Hiyo asiiguse.

Avoka_Ibanda
Mama amesema vizuri. Niongeze kwamba katika vyuo vya Serikali, rekta (mkuu wa chuo) na wenzake wa komite ya uongozi kwa kawaida huteuliwa na Serikali, si na baraza la chuo, kwa hiyo tatizo hili linavihusu zaidi vya binafsi.

Kuhusu kujiuzulu, tazameni North Carolina, Marekani. Darrell Allison alikuwa katika baraza kuu linalosimamia vyuo vikuu vya jimbo. Alijiuzulu Septemba 2020. Februari 2021 baraza lilelile likamchagua kuwa mkuu wa Fayetteville State University, chuo chenye historia ndefu ya kuelimisha Wamarekani weusi. Walimu na wahitimu walipinga kwa nguvu. Alikuwa ameshatoka, ndiyo, lakini waliopiga kura wengi wao walikuwa wenzake wa miezi michache nyuma.

Ndiyo maana mwaka mmoja wa MwanaKadutu siuamini. Kusubiri kupimwe kwa muhula wa baraza: waliokaa naye wamalize kwanza, baraza jipya liingie, ndipo alete dosye kama mtu mwingine yeyote.

MwanaKadutu
Hapo umenibadilisha, Maître wakili. Ila kuna wajumbe wasio na muhula, wale waliowekwa na mwenye chuo na wanaokaa mpaka atakapowaondoa. Hao baraza lao halibadiliki.

Asistani_Bagira
Basi kwa baraza la namna hiyo ni kukataza tu. Achague moja, kiti au kazi.

Mama Nguba
Au uchaguzi ufanywe na tume ya watu wa nje. Goma kuna maprofesa, Lubumbashi wapo. Wasome dosye bila kujua nani ni nani, waweke pointi, na orodha ibandikwe ukutani kabla baraza halijakaa. Baraza likimruka wa kwanza, lieleze kwa maandishi. Gharama ni tiketi na malazi, na mjumbe mwenye sifa atapita bila kunung'unikiwa.

Avoka_Ibanda
Hiyo ya ukutani iingizwe kwenye statiti (katiba) za chuo, Mama, la sivyo rekta atakayefuata ataibandua. MwanaKadutu, ukizipata za chuo hicho, tazama kifungu cha muhula wa wajumbe, utuandikie kilivyo.