Nimegongewa gari, kamera haina kitu. Muuzaji na fundi wananitupia mpira

Wakuu, habari zenu. Uzi utakuwa mrefu na nauandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Wiki tatu zilizopita niliacha gari kwenye maegesho. Kurudi baada ya saa nne hivi, nakuta mlango wa nyuma umebonyea hadi kitasa hakifunguki, na rangi nyeupe ya gari la mtu imebaki kwenye bati langu. Hakuna karatasi kwenye kioo, hakuna namba ya simu, hakuna aliyeona. Niliumia, lakini sikuchanganyikiwa, kwa sababu nilikuwa nimefunga kamera ya mbele na ya nyuma, diski ya nje ya kuhifadhi picha, na betri ya akiba ya kuilisha kamera gari likiwa limezimwa. Nikajiambia huyu mtu nimempata.

Nikachomoa diski, nikaichomeka kwenye laptopu palepale kwenye kiti cha dereva. Faili la mwisho lilikuwa la siku 11 nyuma, na lenyewe lina ukubwa wa 0 KB. Nikachomoa memori kadi iliyomo ndani ya kamera: folda ya matukio imejaa pomoni, mamia ya vipande vya dakika mojamoja, karibu vyote ni mimi napita kwenye matuta. Siku niliyogongewa hakuna hata sekunde moja. Na siku zote hizo 11, kila nilipowasha gari, kitaa cha kijani cha kamera kiliwaka kama kawaida.

Hicho kitaa ndicho kinachonipandisha mori. Kama kamera ingezima kabisa ningejua siku ileile. Baadaye nimegundua kamera ina mlio wa kuonya kadi ikijaa au diski ikipotea, ila fundi aliuzima siku ya kufunga. Hakuniuliza. Nilipomuuliza kwa nini, akasema wateja wengi huwa unawakera.

Basi nimefungua kila kitu mwenyewe kwa siku mbili, maltimita mkononi. Nawaeleza nilichokuta, maana naamini humu kuna magari yamefungwa vilevile na wenyewe wanatembea wakijua wana ushahidi.

Tuanze na diski. Kamera yangu ya mbele inaandika megabiti 25 kwa sekunde, ya nyuma 15. Jumla 40, yaani megabaiti 5 kila sekunde, yaani gigabaiti 18 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 128 inajaa kwa saa 7 kisha inaanza kufuta za zamani. Ndiyo maana nilitaka SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka) ya terabaiti 1, ambayo kwa mwendo huo inabeba saa 55 hivi. Nilimwonyesha muuzaji hesabu hiyo. Akaniambia vifaa vyote vinaendana, nichomeke tu.

Kinachoendana ni plagi. Umeme hauendani. Adapta iliyofungwa inashusha volti 12 kuwa 5, na mwisho wa uwezo wake ni ampea 2. Kamera mbili zinakula ampea 1 na ushee. Diski ikianza kuandika inaweza kuruka ghafla hadi karibu ampea 1 nyingine. Hapo tayari adapta imefika ukingoni. Juu ya hayo, waya unaotoka kwenye boksi la fyuzi hadi juu ya kioo una mita 4 na ni mwembamba kama wa chaja ya simu. Nilipima ncha yake huku kamera inarekodi: volti 4.4 badala ya 5. Nikakaa kimya nikiitazama diski. Kitaa chake kinapepesa, kinazima, sekunde tatu hivi, kinawaka tena. Kikizima, kamera inahamia kwenye memori kadi bila kusema neno.

Na memori kadi nayo ilikuwa na balaa lake. Sensa ya mtikisiko iliachwa kwenye kiwango cha juu kabisa, kwa hiyo kila tuta ni ajali. Kila ajali kamera inalifungia lile faili lisifutwe. Mafaili yaliyofungiwa yakajaa kadi nzima, hakuna la kufuta, kamera ikaacha kuandika. Diski imejitoa, kadi imejaa, mlio umezimwa, kitaa kijani. Hivyo ndivyo siku 11 zilivyopotea.

Lile faili la 0 KB nalo lina maelezo yake. Faili la MP4, yaani la video, huandikiwa faharasa yake (orodha ya picha zinakoanzia) pale linapofungwa, mwishoni, na mara nyingi ukubwa wake nao husajiliwa hapo. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zinaweza kuwepo kwenye diski lakini hakuna programu inayojua zinaanzia wapi. Kamera nzuri zina kapasita (kifaa kidogo cha kutunza chaji) ndani ya kuzipa sekunde chache za kumalizia kufunga faili. Zangu zinayo, na imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ila kapasita hiyo ni ndogo, inalisha kamera tu. Diski ya nje ikishakosa umeme, kamera inabaki hai inaandikia hewa. Hilo halijaandikwa popote kwenye boksi.

Sasa umeme wenyewe. Waya za kuunganishia moja kwa moja kwenye gari ziko tatu: moja ya umeme wa kudumu, moja ya umeme unaokuja ukizungusha ufunguo, na moja ya bodi, yaani hasi. Ule wa ufunguo ndio unaoiambia kamera kwamba gari limezimwa, ihamie hali ya maegesho, irekodi pale tu panapotokea kitu. Fundi alichukua zote mbili za kwanza akaziunganisha kwenye fyuzi moja ya umeme wa kudumu. Kwa kamera yangu, gari halijawahi kuzimwa. Ilikuwa inarekodi usiku kucha kwa nguvu zote.

Fanyeni hesabu. Kamera mbili na diski ni kama wati 8. Usiku wa saa 12 ni wati-saa 96, sawa na ampea-saa 8 za betri. Gari likilala tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, saa 60, ni ampea-saa 40. Betri yangu ni ya ampea-saa 45! Mara mbili nimeamka Jumatatu nikakuta stata inalia tik-tik-tik na taa za dashibodi zinafifia, nikaomba jirani anipe umeme wa kuwashia. Nikaambiwa betri yako imechoka, badilisha. Nikabadilisha. Betri nzima, isiyo na kosa, nimeitupa.

Mtaniuliza, kwani kile kifaa cha kuunganishia kamera kwenye fyuzi hakina kikomo cha kukata umeme? Kinacho. Kina swichi ndogo ya kuchagua volti ya kukatia, na fundi aliiacha kwenye 11.6. Betri ya risasi (ya kawaida ya gari) iliyojaa inasimama kwenye volti 12.6 au 12.7. Ikifika 12.2 iko nusu. Ikifika 11.8 imekwisha. Kwa hiyo 11.6 ni kuikata baada ya kuiua. Na betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kushushwa chini na kupandishwa kila siku. Kila ukiikausha inapoteza uwezo ambao haurudi. Swichi ile ina nafasi ya 12.2 na 12.4. Ni kuisogeza kwa ncha ya bisibisi, sekunde 2!

Na betri ya akiba? Hii ndiyo iliyonigharimu kuliko vyote, na ilinunuliwa mahsusi ili betri ya gari isiguswe. Ni ya lithiamu chuma fosfati, wati-saa 76.8. Boksi linasema inalisha kamera siku mbili. Kwa wati 8 ni saa 9 na nusu, ikiwa imejaa. Hizo siku mbili ni za kamera moja iliyolala usingizi mzito, hakuna diski. Haya, tuseme saa 9 zinanitosha. Lakini haikuwahi kujaa hata siku moja, kwa sababu fundi aliichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, ambako kifaa chenyewe kinajizuia kuvuta ampea 5 tu. Ingeunganishwa kwenye fyuzi ingevuta 9. Mimi naendesha dakika 20 asubuhi na 20 jioni. Kwa dakika 40 za ampea 5 unapata kama wati-saa 45 kwa siku. Hiyo ni nusu na kidogo. Ikiisha, kuna waya aliouacha fundi unaorudisha kamera kwenye betri ya gari, "kwa usalama" alivyosema.

Sasa niwaambie kilichonitoa jasho. Nilibandua kava la nguzo ya mbele, upande wa abiria, nifuate ule waya wa mita 4. Ndani ya nguzo ile kuna mfuko wa hewa wa pembeni, umekunjwa kama pazia, una lebo yake. Waya wa kamera ulikuwa umepitishwa mbele ya mfuko na kukazwa nao kwa mkanda wa plastiki. Pamoja! Mfuko ule hufumuka kwa kasi ya ajabu. Kitu chochote kilicho mbele yake kinaweza kuuzuia usifunguke sawasawa au kurushwa kuelekea usoni kwa mtu. Waya unatakiwa upite nyuma ya mfuko, ushikwe na waya nyingine za gari zilizokwishapangwa kiwandani. Mke wangu hukaa kiti kile, na mtoto nyuma yake. Nimeukata ule mkanda mikono ikitetemeka. Picha iliyopotea nitaisamehe siku moja. Hili siwezi.

Nimewapelekea wote wawili maelezo na picha. Muuzaji kasema vifaa ni vizima, tatizo ni ufungaji. Fundi kasema kafunga alivyoagizwa na muuzaji, vifaa ndivyo vina shida. Nikawaandikia watengenezaji wa kamera, wakajibu nitumie diski zilizoidhinishwa tu. Orodha ya diski hizo sijaiona kwenye boksi, wala kwenye kitabu cha maelekezo, wala muuzaji hakuitaja aliponiuzia ya kwake. Watu wa bima nao wanataka ushahidi ambao sina.

Ninachodai si kikubwa. Fundi arudishe malipo ya kazi yote na betri ya gari niliyobadilisha bure. Muuzaji achukue diski na adapta yake, anipe adapta inayobeba mzigo aliouidhinisha kwa mdomo wake. Na wote wawili waache kumwambia mteja "chomeka tu".

Kwa sasa nimefunga hivi, kwa mikono yangu: diski nimeitoa, nimeweka memori kadi ya aina inayohimili kuandikwa mfululizo, gigabaiti 256. Kabla ya kuitumia niliijaza yote kwa programu ya H2testw kuhakikisha ukubwa wake ni wa kweli, maana kadi feki zimejaa sokoni (wanaotumia Linux wana F3). Sensa ya mtikisiko nimeishusha chini kabisa. Waya wa ufunguo uko kwenye fyuzi yake, wa kudumu kwenye yake, kikomo 12.4. Betri ya akiba iko kwenye fyuzi, chini ya kiti, mbali na jua. Mlio wa kuonya nimeuwasha. Na kila Jumapili nachomoa kadi naangalia faili la mwisho ni la lini.

NYONGEZA 1: Mkuu uliyeuliza kuhusu kutumia pawabanki badala ya hizi betri, mimi ndiko nilikoanzia. Niliiacha juu ya dashibodi, gari likalala juani, ikavimba hadi kifuniko kikaachia. Dashibodi kwenye jua kali inapita nyuzi 60 kwa urahisi. Halafu nyingi ukizima gari zinakata umeme kwa sekunde moja wakati zinabadilisha kutoka kuchaji kwenda kulisha, kamera inajizima na kuwaka upya. Usiingie huko.

NYONGEZA 2: Waliopendekeza untrunc, programu ya kuokoa video zilizoharibika, asanteni. Inafanya kazi ukiipa faili zima kutoka kamera ileile iliigize mpangilio. Kwenye lile langu haikuwa na cha kuokoa, ni sifuri kweli. Ila nimepata sekunde 40 za faili jingine lililoharibika, la wiki moja kabla ya lile, kwa hiyo njia yenyewe ni ya kweli.

NYONGEZA 3: Fundi amepiga simu leo. Nadhani kuna mtu kamwonyesha huu uzi. Anasema nilete gari "tuongee vizuri" na atanifungia upya bila malipo. Nimemwambia gari haligusi tena. Nimemtumia picha ya mfuko wa hewa na ule mkanda, nikamuuliza swali moja: magari mangapi umefunga hivi mwaka huu, na umeshawapigia wenyewe? Amesoma, hajajibu. Nasubiri.